“Tupa Huko”: Huko ni Wapi?

Insha za mazingira tunazoandika katika Kiswahili zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Sentensi ya kwanza husema kwamba mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka binadamu. Ya pili husema kwamba mazingira ni muhimu sana katika maisha. Ya tatu huingia msituni, na tukishaingia msituni hatutoki tena. Ni miti, mito na wanyama pori hadi aya ya mwisho, ambapo serikali hupewa wito wa kuchukua hatua kali. Mwalimu hutia alama ya vema na mwanafunzi hupata maksi zake. Ndoo ya taka iliyo karibu na jiko, ambayo nayo inamzunguka binadamu, haitajwi hata mara moja.

Ninaandika kuipinga insha hiyo, na kuipinga pia tabia inayofanana nayo nje ya darasa. Dai langu ni moja, tena ni dogo kiasi kwamba wengine watalicheka. Kwa sisi tunaoishi Kampala na vitongoji vyake, kuishi vema na mazingira kunaanza pale tunapotenganisha maganda na plastiki kabla havijatoka jikoni. Asiyefanya hivyo anaweza kupanda miti, kuvaa fulana ya kijani na kuandika insha ya alama 20 kwa 20. Bado atakuwa anaongeza kimo cha mlima ulioua watu.

Mlima huo tunaujua jina. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la taka la Kiteezi liliporomoka. Jaa hilo lilianza kupokea taka za Kampala mwaka 1996. Liko katika wilaya ya Wakiso, nje ya mpaka wa jiji, maana yake ni kwamba waliozalisha taka walikuwa upande mmoja na waliozikwa nazo walikuwa upande mwingine. Taka ziliteremka juu ya nyumba, mifugo na watu. Waliokufa walizidi 30, na miongoni mwao walikuwemo watoto. Matingatinga yalichimba kwa siku kadhaa kutafuta miili. Mwezi uliofuata, viongozi watatu wa juu wa mamlaka ya jiji walifutwa kazi.

Kila mtu aliuliza ni nani aliyezembea. Hilo lilikuwa swali la haki, na ninataka liendelee kuulizwa. Lakini kuna swali jingine ambalo halikuulizwa sana, kwa sababu jibu lake linaingia ndani ya nyumba zetu: mlima ule ulijengwa kwa kitu gani?

Anayeishi Kampala hahitaji mtaalamu kumjibu. Sehemu kubwa ya taka za jiji hili ni vitu vinavyooza: maganda ya matoke, ya viazi vitamu na ya mihogo, majani ya migomba yaliyofunikia chakula, magunzi ya mahindi, maganda ya mananasi na mafenesi, ugali uliobaki. Kwetu tunakaa watu sita. Ndoo ya lita 20 hujaa maganda kwa siku mbili tu, ilhali plastiki yetu yote ya wiki nzima inaenea katika gunia dogo. Mtu akiiondoa ndoo hiyo ya maganda kwenye hesabu, tatizo la taka la nyumba yetu linabaki dogo sana.

Sasa tazama kinachotokea. Ganda la ndizi likiachwa shambani hupata hewa. Minyoo na vijidudu hulila, na baada ya majuma kadhaa huwa mboji, yaani chakula cha mgomba mwingine. Ganda hilohilo likifungwa ndani ya kaveera, likatupwa ndani ya lori, likashindiliwa chini ya taka nyingine, hewa haliipati. Huoza kwa njia nyingine. Hutoa gesi ya methani, ambayo inashika moto upesi na ambayo, kwa kipindi cha miaka 20, huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa. Hutoa pia majimaji meusi yanayochuruzika kuelekea kwenye mabwawa na visima. Mvua inaponyesha, maji yananaswa ndani ya lundo. Lundo linakuwa zito na laini kwa wakati mmoja. Likiwa limepandishwa juu mno na kingo zake ni za wima mno, mvua moja inatosha.

Wala Kiteezi haikuwa ya kwanza. Mjini Addis Ababa, jaa la Koshe liliporomoka mwezi Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 110. Mjini Maputo, jaa la Hulene liliporomoka Februari 2018 na kuua watu 17. Nchi tofauti, serikali tofauti, lugha tofauti. Kinachofanana ni mlima wa vitu vilivyochanganywa, na watu maskini waliojenga nyumba zao chini yake.

Sisi tunaosoma lugha tuna jambo la kusema hapa ambalo wahandisi hawawezi kulisema. Kila siku katika nyumba zetu husikika amri hii: “Tupa huko.” Tulifundishwa na walimu wetu kwamba Kiswahili kina ngeli tatu za mahali. PA- huonyesha mahali dhahiri, MU- huonyesha ndani, na KU- huonyesha mahali pasipo dhahiri. Kwa hiyo anayesema “tupa huko” hajataja mahali popote. Ametumia sarufi kujificha. Angelazimishwa kusema ukweli, angesema “tupa pale, karibu na ukuta wa shule”, au “tupa mle, ndani ya mfereji”, au “peleka pale Kiteezi, kwenye nyumba ya fulani”. Midomo yetu isingekubali. Tunaipenda KU- kwa sababu haina anwani.

Kitenzi “kutupa” nacho kinatudanganya. Tunakitumia kana kwamba kitu kilichotupwa kimekwisha. Hakijakwisha, kimehama. Mfano wa karibu ni mfereji wa Nakivubo, unaopita katikati ya jiji. Ukitupa chupa au mfuko ndani ya mfereji ule, mvua inausukuma kuelekea kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo inapovutwa sehemu ya maji ya kunywa ya Kampala. Tunachokitupa Nakivubo tunakisafisha kwa gharama Ggaba, kisha tunakinywa. “Huko” kumezunguka na kurudi kwenye bomba la nyumbani.

Tuje kwenye kaveera. Watanzania waliuita mfuko huo rambo, Wakenya wakauita jwala, nasi tukaupa jina la Kiganda lenye kiambishi ka-, kiambishi kinachodogosha. Jina lenyewe linatuambia ni kitu kidogo, hakina neno. Uganda ilipitisha sheria dhidi ya mifuko myepesi ya aina hiyo mwaka 2009, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 ikarudia katazo hilo kwa mifuko isiyofikia unene wa maikroni 30. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008. Kenya ilifuata Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Mtu akivuka mpaka kuingia Rwanda na kaveera mkononi hunyang’anywa. Akirudi kwetu, anafungiwa rolex ya moto ndani ya kaveera mbele ya lango la chuo, mbele ya macho ya wanafunzi waliosoma sheria, mazingira na Kiswahili. Na wengine wamelitoa jani la mgomba kwenye sufuria na kufunikia matoke kwa kaveera, eti mvuke hautoki. Jani lile lilikuwa bure, lilitia harufu nzuri, na baadaye liliweza kurudi shambani. Tumelibadilisha kwa kitu kinachonunuliwa, kisichooza, na kisichofaa kupikiwa. Kisha tunaiita hali hiyo maendeleo.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Nimezisikia mezani, hostelini na hata katika mijadala ya darasani. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: kazi ya taka ni ya serikali, tunalipa kodi. Ni kweli kazi hiyo ni ya serikali, na yeyote anayetumia insha yangu kuwapunguzia mzigo viongozi ameisoma kichwa chini miguu juu. Jaa lililojaa lilipaswa kufungwa kabla halijaua. Lakini nauliza: ni serikali gani duniani inayoweza kulitoa ganda kwenye kaveera baada ya mimi kulifunga humo na kulikaza fundo? Mashine ya kazi hiyo hatuna. Walio nayo ni wale akina mama na vijana wanaochambua taka jaani kwa mikono mitupu, wakitafuta chupa za kuuza. Baadhi yao walikuwepo Kiteezi. Kusema “serikali itatenganisha” ni kusema “maskini atatenganisha, tena akiwa amesimama juu ya mlima”.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi: hata nikitenganisha, lori likija litachanganya vyote tena. Ni kweli, mara nyingi huchanganya. Ndiyo maana sisemi tutenganishe kwa ajili ya lori. Nasema maganda yasifike kwenye lori kabisa. Mtaani kwetu kuna mama anayefuga ng’ombe wawili wa maziwa. Zamani alikuwa akitembea na gunia kutafuta maganda kwenye vibanda vya chakula, huku maganda ya nyumba kumi zilizo karibu naye yakisubiri lori. Siku tuliyoanza kumpelekea, alinikaribisha kwa onyo. Alisema kwa Kiganda, nami natafsiri: “Mwanangu, maganda nayataka. Lakini ng’ombe wangu akimeza kaveera lako, nitakuja kudai ng’ombe kwenu.” Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna anayechanganya. Mabango yote ya mjini hayajawahi kutushawishi kama sentensi ile moja, kwa sababu mama yule alitaja mahali, mnyama na deni. Hakusema “huko”.

Tena kuna faida ya mfukoni. Mkusanyaji wa taka mtaani kwetu hulipwa kwa gunia. Maganda ndiyo mazito, ndiyo yanayojaza, ndiyo yanayonuka. Nyumba iliyoyaondoa hulipia magunia machache, na jirani asiyekuwa na fedha hana tena sababu ya kuvizia mvua ili amwage taka zake mferejini.

Hoja ya tatu: haya ni mambo ya wenye nafasi, maskini hana muda wala uwanja. Hoja hii hutolewa na watu wasio maskini. Maskini wa Kampala ndiye aliyetufundisha kutumia kitu mara tatu. Chupa ya plastiki kwake ni chombo cha mafuta, kisha cha maziwa, kisha taa au chombo cha mche. Gunia la unga ni begi, kisha zulia, kisha bustani. Uwanja unaohitajika ni wa ndoo mbili. Asiye na ng’ombe jirani anaweza kutumia gunia. Weka maganda yaliyokatwakatwa, funika kwa majani makavu au udongo, weka tabaka jingine, nyunyizia maji kidogo, geuza mara moja kwa wiki, na usitie nyama wala mafuta maana huita panya. Baada ya miezi miwili au mitatu una mboji. Katika gunia lingine lenye udongo uliochanganywa na mboji hiyo, toboa matundu ubavuni na upande sukuma wiki au mchicha. Hayo yanafanyika kwenye kibaraza cha chumba cha kupanga. Nimeyaona yakifanyika Bwaise na Katwe, mitaa ambayo hakuna atakayeiita ya kitajiri.

Vipo pia vikundi vya akina mama vinavyoyakausha maganda kwenye jua, kuyachoma kwa hewa kidogo hadi yawe meusi, kuyasaga, kuyachanganya na uji wa mihogo na kuyafinyanga kuwa makaa ya kupikia. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, kwa sababu miti ya huko ilikuwa inateketea ili sisi wa mjini tupike. Sijui kama tunaona kichekesho kilichopo. Tunaukata msitu wa Acholi ili tupike matoke, kisha maganda ya matoke hayohayo, ambayo yangeweza kuwa mkaa, tunayalipia yapelekwe jaani.

Hoja ya nne ndiyo inayopendwa zaidi na wasomi: mtu mmoja hawezi kubadilisha kitu, walioharibu dunia ni viwanda vya nchi tajiri. Kuhusu joto la dunia kwa jumla, lawama kubwa ni ya nchi hizo, na tusiwaachie. Lakini ganda lililokuwa Kiteezi halikuletwa na meli kutoka Ulaya. Lilitoka Kawempe, Ntinda, Makindye na Wandegeya. Na anayesema kitendo cha mtu mmoja hakina uzito anapaswa kuutazama mlima ule kwa makini, maana hakuna mtu aliyeubeba mzima. Ulijengwa kwa ndoo moja moja, kaveera moja moja, kwa miaka 28. Haba na haba hujaza kibaba. Kumbe hujaza hata jaa. Kama vitendo vidogo havina nguvu, basi nani aliyewaua watu wale?

Nimesema napinga pia tabia iliyo nje ya darasa. Nina maana ya sherehe zetu. Hufika siku ya usafi, tukapewa fulana mpya zilizofungwa katika mifuko ya plastiki, tukagawiwa maji ya chupa, tukafagia barabara ambayo ilikwisha kufagiwa asubuhi, tukapigwa picha. Jioni chupa tulizonywea huwa nyingi kuliko taka tulizookota. Au hufika siku ya kupanda miti. Mgeni rasmi hushika jembe mara tatu, mche hupewa jina la ofisi, na kiangazi kikija hakuna wa kuumwagilia. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, alianza na shida za wanawake wa vijijini: kuni zilizokuwa mbali na maji yaliyokauka. Mti kwake ulikuwa jibu la swali la jikoni. Sisi tumeuchukua mti, tukaliacha jiko.

Na tunapotoka kwenda matembezini, jiko letu linatufuata. Mwaka 2007 watu wa nchi hii waliandamana Kampala kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kutolewa kwa ajili ya mashamba ya miwa. Kuna waliokufa siku ile. Msitu ule ungalipo, na barabara ya Kampala kwenda Jinja inapita katikati yake. Panda basi lolote katika barabara hiyo uhesabu chupa zinazorushwa madirishani: za maji, za soda, na kaveera zilizofungiwa kuku na gonja. Wanaorusha wengi ni vijana wa rika langu, na ukiwauliza kuhusu Mabira watakwambia kwa fahari kwamba msitu hauguswi. Hauguswi na mwekezaji, lakini sisi tunauchafua bure, bila hata mkataba. Ni vivyo hivyo kwenye fukwe za Entebbe kila Jumapili jioni. Mtu anayekwenda ziwani na chakula katika bakuli lenye kifuniko, akarudi na bakuli tupu, hajafanya jambo la kishujaa. Lakini hakuna atakayelazimika kuinama nyuma yake.

Sasa nawageukia wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, na kwa heshima zote walimu wetu. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulifurahi. Lakini lugha rasmi isiyoweza kumwambia mtu afanye nini na ndoo yake ni pambo la ofisini. Mabango mengi ya mazingira mjini yameandikwa Kiingereza kigumu, kana kwamba yanawaonya wafadhili. Sisi tuna neno mboji, fupi na zuri, na wengi wetu tumelikutana nalo kamusini tu. Tuna kuchambua, kutenganisha, kurejeleza, kusaza. Tuna hata neno taka lenyewe, ambalo ni nomino na ni kitenzi pia: tunachokitaka asubuhi ndicho kinachokuwa taka jioni. Lugha imetuwekea onyo ndani ya neno moja, nasi tunalichambua kwa ajili ya mtihani wa mofolojia tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu bila kusubiri bajeti ya mtu.

La kwanza, kila hosteli tunayoishi iwe na ndoo tatu zenye maandishi: maganda, plastiki, mengineyo. Hosteli ya wanafunzi 60 inayopika kila siku inaweza kulisha ng’ombe kadhaa. Mfugaji akipatikana hata mmoja, tumpe maganda yetu kwa siku maalumu, tena kwa makubaliano, ili asije akayakuta yamechanganywa. Na tukishakuwa na ndoo zetu, tutakuwa na uso wa kuidai mamlaka ya jiji siku ya lori la plastiki peke yake. Anayedai huku amechanganya hasikilizwi.

La pili, anayetuuzia rolex langoni apelekewe sahani. Sahani yenye kifuniko chako mwenyewe haiongezi bei ya chapati. Wauzaji hawana mapenzi na kaveera. Wanainunua kwa fedha yao kwa sababu sisi tunaidai. Wanunuzi 20 wakifika na vyombo vyao kila jioni, muuzaji atakuwa wa kwanza kufurahi.

La tatu ni kwa walimu wetu. Naomba mtuzuie kuingia msituni. Mkitupa insha ya mazingira, mtupe sharti moja: aya ya kwanza itaje vitu vilivyomo ndani ya ndoo ya mwandishi siku hiyo, aya ya pili iseme vinakwenda wapi, kwa jina la mahali, na asiyejua akaulize kabla ya kuandika. Mwanafunzi atakayeandika “vinatupwa huko” akatwe alama kwa kosa la sarufi. Ngeli ya KU- haifai hapo. Mahali panajulikana, na pana watu.